Jani Moja la Ua la Nta

9 Machi

Nimeiba. Naandika hivyo hivyo ili baadaye nisije nikajidanganya kwamba nilipewa.

Dada alikuwa ameniita nikachague vitu vya marehemu Mama. Akanifungulia kabati, akasimama mlangoni kama mlinzi wa benki. "Chukua unachotaka, mdogo wangu. Nguo, vyombo, hata kile kiti chake. Ila ua lake la nta liache. Limezoea dirisha hili."

Ua limezoea dirisha. Mimi ni wa kupewa magauni yanayonuka dawa ya nondo. Alipokwenda jikoni kuchemsha chai nikachuma jani moja, lile nene linalong'aa kama limepakwa nta, nikalifunga kwenye leso yenye maji na kulisukumia chini ndani ya mkoba. Nikanywa chai yake, nikamshukuru, nikaondoka na magauni mawili nisiyoyataka.

Mama alifariki Januari, kwenye chumba kile kile, karibu na dirisha lile lile. Wiki nzima kabla ya hapo nilikuwa nampigia Dada na kila nikimpigia ananiambia, "Anaendelea vizuri, usijisumbue na safari." Simu iliyofuata ilikuwa ya kuniambia niende kuzika. Nilimkuta Mama ameshafunikwa. Dada alikuwa anajua hali ilivyo, na alininyima nafasi ya kumuaga kwa makusudi. Hilo sitamsamehe, na sioni aibu kuliandika.

Sasa nina jani. Litaota, litatambaa, litajaza dirisha langu. La kwake litakufa siku moja, maana hajui hata udongo unashikwaje. Atakuja kuniomba kipande. Nami nitamwambia linaendelea vizuri, asijisumbue na safari.

10 Machi

Nimelipanda kwenye kikombe chenye mpini uliovunjika. Mume wangu anachomelea mageti na madirisha, kwa hiyo kila kitu anakiangalia kwa jicho la chuma.

"Umepanda jani?"

"Nimepanda jani."

"Likishakuwa mti niambie nilitengenezee geti."

Sikucheka.

13 Machi

Nimepita kwa Mama Kitalu, yule anayeuza miche nyuma ya kituo cha mafuta. Nikamwambia nataka kujifunza, anipe mimea ya kuanzia. Sikumweleza habari za jani. Mambo ya nyumbani si ya kutembeza. Kanipa mshubiri mdogo, dungusi lenye miiba laini inayodanganya watu kushika, na kimmea kimoja cha majani manene yaliyojipanga kama waridi. Yote mitatu nitajifunzia, ili nikikosea nikosee huko.

14 Machi

Miiba laini imenidanganya. Nimeshinda kazini nachomoa miiba vidoleni.

22 Machi

Mvua zimeanza. Hapa kwa dobi ninapofanya kazi, mvua maana yake nguo hazikauki na wateja wanatulaumu sisi. Tajiri ametuambia tupige pasi mpaka unyevu uishe. Jani lipo, kijani.

23 Machi

Mvua.

2 Aprili

Waridi limekufa. Lilikuwa limesinyaa, nikaona lina kiu, nikalimwagilia. Likazidi kusinyaa, nikalizidishia. Leo nimeligusa likang'oka lenyewe, chini limekuwa uji mweusi wenye harufu.

Nimelipeleka kwa Mama Kitalu kwenye mfuko. Kalitazama kama daktari aliyeletewa maiti.

"Umeliua kwa huruma," akasema. "Sikiliza. Mmea wa majani manene ukisinyaa kuna mambo mawili. Ama una kiu, ama mizizi imeoza na haiwezi tena kunywa. Kwa nje yanafanana. Utajuaje? Chomeka kidole. Udongo mkavu, mpe maji. Udongo umeloa na bado jani limesinyaa, hapo ukiongeza maji unammaliza. Msimu huu wa mvua ndio mnaua wengi."

"Sasa ukikuta umeloa unafanyaje?"

"Unang'oa upesi, unakata kilichooza, unapanda upya. Na wembe ufute kwa spiriti kabla ya kukata, usije ukapeleka uozo kwenye kizima."

Nimenunua waridi jingine na chupa ndogo ya spiriti.

11 Aprili

Jani limetoa mizizi. Nimelivuta kidogo tu, kwa kidole na kidole gumba, likanikatalia, likabaki palepale limeshika. Nilicheka peke yangu jikoni mpaka mume wangu akaja kuuliza kuna nini.

"Linashika."

"Geti nianze lini?"

Safari hii nilicheka.

19 Aprili

Leo nataka kuandika polepole.

Dada kanipigia nikiwa kazini, mkono mmoja kwenye pasi. Tangu mazishi ananitumia ujumbe na mimi sijibu. Ila simu ikilia mbele ya Tajiri inabidi uipokee, la sivyo atataka kujua unamkimbia nani.

"Mdogo wangu, nasikia siku hizi umekuwa mtu wa maua."

"Nani kakwambia?"

"Shemeji." Mume wangu huyo, mdomo wake hauna geti la kuufungia. "Nina shida. Ua la Mama majani yamesinyaa, yamekuwa kama vidole vya mtu aliyeshinda kwenye kufua."

"Udongo ukoje?"

"Umeloa. Nalimwagilia kila asubuhi nikiamka, kabla sijafanya kitu kingine. Nikisimama pale nahisi kama bado nina mtu wa kumhudumia."

Udongo umeloa na majani yamesinyaa. Nilijua. Nilijua kama ninavyojua doa la mafuta na doa la damu. Bado ningeweza kumwambia aling'oe siku hiyo hiyo, akate, apande upya. Ingemchukua muda mfupi tu, na ua lingepona.

"Lina kiu," nikasema. "Ongeza maji."

"Kumbe. Na mimi nilikuwa naogopa kuzidisha."

"Usiogope. Asubuhi na jioni."

"Asante sana, mdogo wangu. Sikujua ningemuuliza nani."

Nilipokata simu niliona nimeacha pasi juu ya kola ya shati la mteja. Alama ya kahawia, pembe tatu. Tajiri kapiga kelele mpaka watu wa nje wakachungulia. Mimi nilikuwa nasikia utamu mdomoni, kama mtu aliyemeza asali kwa siri.

Alimwagilie. Na yeye akae pale akitazama kitu cha Mama kikiondoka, akiambiwa kinaendelea vizuri.

20 Aprili

Mvua.

24 Aprili

Mvua. Mshubiri umetoa mtoto pembeni. Mume wangu ananipongeza kana kwamba nimezaa mimi.

3 Mei

Dada katuma ujumbe: "Naongeza kama ulivyosema. Majani matatu yamedondoka. Ni kawaida?"

Ni ujumbe wa kwanza niliomjibu tangu Januari. Nimeandika, "Kawaida."

12 Mei

Kapiga. Nilijua kabla sijapokea.

"Limekwisha. Majani yote chini. Zimebaki kamba zake tupu."

"Pole."

"Sijui nimekosea wapi. Nilifuata ulivyoniambia."

"Pole sana, Dada."

Alikuwa analia, si kwa sauti, kile kilio cha kuvuta pumzi. Msibani hakulia mbele yangu. Nilisubiri nione raha niliyoitarajia, na ikaja, siwezi kusema haikuja.

"Mdogo wangu, wenye maua si huwa wanagawa vipande? Mama alikuwa anasema gawa ua lako likiwa zima, ili likikufia ujue pa kuomba. Unakumbuka alimgawia nani? Nikaombe hata kidogo."

Jani lilikuwa mbele yangu kwenye kikombe chake, limenona.

"Sikumbuki," nikasema.

Mume wangu alikuwa amekaa mezani anakula. Alinitazama, akatazama kikombe, akaendelea kula. Hakusema lolote kuhusu geti.

15 Mei

Siku mbaya kuliko zote tangu Januari.

Nilibeba kikombe changu mpaka kwa Mama Kitalu kuchagua chungu kikubwa, maana ua la Mama sasa ni langu peke yangu na haliwezi kukaa kwenye kikombe kilichovunjika. Niliingia nimejaa fahari kama bibi harusi. Mama Kitalu akalipokea, akainama, akafukua udongo kidogo shingoni mwa jani.

"Nani kakukatia hili?"

"Nimechuma mwenyewe."

"Umechuma jani tupu."

"Lina mizizi. Livute uone."

"Mizizi linayo. Jicho halina." Akanivuta mpaka kwenye ua la nta lake, linalotambaa kwenye waya, akanionyesha pale jani linaposhikana na kamba. Kuna kifundo, na kwenye kifundo kuna kichomozi kidogo. "Ua hili linachipua hapa, kwenye jicho. Wewe umevuta jani likaja peke yake, jicho ukaliacha kule kwenye kamba. Jani kama hili litakaa kijani mwaka, hata miaka, ukilitunza. Lakini jani la pili hulioni."

"Kabisa?"

"Kabisa. Wengi wanakuja hapa nalo. Wengine huliuza hivyo hivyo siku ya wapendanao, jani moja kwenye kikopo, limekaa kama moyo. Mnunuzi anasubiri chipukizi mpaka anachoka."

Miezi hii yote nimekuwa nikilea kitu kisicho na kesho, na lile ua zima, lenye macho yote, nimeliua mimi kwa mdomo wangu mwenyewe. Nilitaka kumwadhibu Dada, nikamzika Mama mara ya pili.

"Kamba zisizo na majani je?" nikauliza. "Zimeoza chini."

"Kwaruza kwa ukucha. Ukiona kijani ndani, kata juu ya palipooza. Lakini uwahi. Uozo ukishapanda hausubiri mtu."

Akaniuliza kama bado nataka chungu. Nikachukua kidogo, cheupe, sijui kwa nini.

16 Mei

Nimemwambia Tajiri ninaumwa. Nikapanda basi alfajiri, nikasafiri kwenye mvua hadi kwa Dada. Njia nzima nilikuwa naomba asiwe amezitupa zile kamba, na huku namtukana, yote kwa pamoja.

Hakuzitupa. Alikuwa amezing'oa kwenye chungu na kuzikunja ndani ya foronya ya Mama. Alizileta amezibeba kwa mikono miwili.

"Nilishindwa kuziweka kwenye taka," akasema.

Nikakaa sakafuni, nikakwaruza. Nyeusi. Nyeusi. Nyeusi. Karibu na ncha, kijani kidogo. Nikafuta wembe, nikaanza kukata vipande, na mikono ikiwa na kazi ndipo nilipopata nguvu ya kuuliza.

"Dada, kwa nini hukuniita?"

Akaikunja foronya kwanza, kona kwa kona.

"Nimemwogesha, nimemlisha, nimemgeuza usiku na mchana, miaka yote hiyo. Hujawahi kusikia nikilalamika. Wiki ile ya mwisho alikuwa anakutaja wewe tu. Nampa maji ananiuliza, mdogo wako kafika? Nambadilisha shuka, mdogo wako kafika? Nikasema moyoni, huyu akija, mimi nitarudi kuwa mtu wa kubeba beseni. Nilitaka zile siku ziwe zangu. Basi. Ndiyo hivyo."

"Alisema nini mwisho?"

"Aliniita kwa jina lako."

"Ukamwambiaje?"

"Nikaitika."

Niliendelea kukata. Nilikuwa na wembe mkononi na nilimshukuru Mungu kwamba kulikuwa na kitu kingine cha kukata. Jina langu liliitwa na Mama, na yeye akalipokea, akalitumia, akanyamaza nalo miezi yote hii. Kama angepiga simu tu, nikasikia hata sauti. Nilimchukia pale sakafuni kuliko nilivyomchukia siku ya mazishi, na kilichoniudhi zaidi ni kwamba nilimwelewa.

"Vikishika," akasema, "nigawie hata kipande."

"Nitakugawia," nikasema. Na papo hapo nikajua nitampa nini.

25 Mei

Nimelihamishia jani kwenye chungu cheupe, nikalipangusa vumbi, nikampelekea. Hakuamini.

"Hili la wapi?"

"La Mama. Nilichuma siku ile ya nguo."

Akacheka na kulia kwa wakati mmoja. "Mwizi wewe. Na mimi siku ile nilihesabu vijiko tu."

"Lina mizizi tayari," nikasema, na huo ni ukweli mtupu.

"Litachipua lini?"

"Vumilia. Usilihamishe dirisha."

Atasubiri. Kila asubuhi atainama pale kutafuta chipukizi, na jani halitakufa wala halitakua. Hakuna adhabu nzuri kuliko hii. Halafu ameipokea kwa mikono miwili na kunipa ndizi za kwenda nazo.

Jioni mume wangu kauliza, "Mmepatana?"

"Tumepatana."

"Mbona uso haujapata habari?"

1 Juni

Dada: "Liko kijani. Bado." Nimejibu, "Vumilia."

Vipande viwili kati ya vile vitano nilivyokata kwa Dada na kupanda huku kwangu vimekuwa vyeusi. Nimevitoa.

8 Juni

Dada: "Bado. Nimelifuta kwa pamba." Nimejibu, "Vizuri. Vumilia." Nilisoma ujumbe wake mara mbili. Mara ya pili haukuwa mtamu kama mara ya kwanza.

Kipande kingine kimekufa. Vimebaki viwili, na kimoja sikiamini.

11 Juni

Kile nisichokiamini ndicho kilichobaki.

14 Juni

Jicho limevimba. Dogo, kama kichwa cha pini, lakini jana halikuwepo. Sikumwita mtu. Nilikaa nalo mpaka chai ikapoa. Halafu, sijui ni wazimu gani, nikalisalimia: shikamoo, Mama.

15 Juni

Dada: "Bado. Leo nimelisimulia habari za jirani, lile zogo la maji." Sikujibu mpaka jioni. Nikajibu, "Vumilia."

20 Juni

Mvua zimekatika. Nguo zimeanza kukauka zenyewe na Tajiri anaimba.

29 Juni

Nilikwenda kumuumbua. Ndiyo nia niliyotoka nayo nyumbani. Chipukizi limefungua majani mawili, madogo, ya rangi ya shaba. Nikalitia kwenye mfuko, limesimama wima na magazeti pembeni lisiyumbe. Nilipanga kuliweka dirishani kando ya jani lake, nimweleze kila kitu kwa utaratibu: ulisubiri nini, na kwa nini, na nani alikufanya usubiri. Nilitaka kuona uso wake. Nimeungoja uso huo msimu mzima.

Chumba cha Mama amekipaka rangi. Jani liko dirishani, linang'aa, halina hata punje ya vumbi.

"Linaendelea vizuri," akasema Dada.

Maneno yale yale. Yakaniwasha. "Dada, hilo jani..."

"Halina jicho," akasema. "Najua."

"Nani kakwambia?"

"Mwenye duka la mbegu hapo barabarani. Wiki ile ile uliyonipa. Alicheka, maskini, hakujua."

Mfuko ulikuwa mapajani mwangu. Nikaushika kwa mikono yote miwili.

"Sasa kwa nini kila wiki unaniandikia 'bado, bado'?"

Alikuwa anamimina chai. Akamaliza kwanza kumimina.

"Kwa sababu ulikuwa unajibu."

Nilitafuta hasira yangu nikaikuta, ila haikuwa na mahali pa kukaa. Nikaanza, "Na yale maji niliyokuambia uongeze..."

"Usiniambie jingine leo," akasema. "Kunywa chai, itapoa."

Nikanywa. Tukaongea habari za jirani na zogo la maji. Aliponisindikiza mlangoni aliutazama mfuko, hakuuliza una nini. Nikarudi nao nyumbani kama nilivyoenda nao.

30 Juni

Nimekasirika siku nzima. Nimenyoosha mashati ya watu mpaka Tajiri akasema leo kola zinasimama zenyewe. Nilimwekea Dada adhabu ya kumtosha maisha, naye akaichukua, akaikalisha dirishani, akaifuta kwa pamba. Hata kisasi changu ameninyang'anya, kama alivyoninyang'anya jina.

Chipukizi lipo. Mama Kitalu anasema lisikatwe sasa, lina majani mawili tu, likikatwa litakufa pande zote mbili. Lingoje lirefuke, lipate vifundo vyake, ndipo uchukue kipande chenye jicho. Huenda mpaka mvua zijazo.

Nimetoa wembe kwenye droo, nikaufuta kwa spiriti, nikaufunga kwenye karatasi safi na kuurudisha. Mume wangu kaniona.

"Unakata nini?"

"Sikati kitu. Bado."

Kabla sijaandika haya Dada katuma ujumbe: "Ulifika salama jana? Jani halijambo. Bado." Nimeandika "Vumilia" nikafuta. Nikaandika tena, nikafuta. Mwisho nimemtumia hivi: "Lisogeze jani upande mmoja wa dirisha, liache nafasi."

Ameuliza, "Nafasi ya nini?"

Sijamjibu. Asubiri kidogo, mimi pia nilisubiri.